Muuza Vitambaa Aliyechungulia Tone la Maji

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Wazee wetu wa pwani walisema hivyo kumwonya mtu asijitome katika mto asioupima. Naomba ruhusa yao niongeze kidogo: hata maji uliyoyafika, ukayateka, ukayatia mtungini na kuyanywa tangu ukiwa mtoto, huenda usijue wingi wa yaliyomo ndani yake.

Wapenzi wasomaji, walimu wetu na wanafunzi wenzangu, hapa Adu hakuna haja ya kumhubiria mtu kuhusu maji. Mvua ikikawia, kila mmoja huona bwawa likishuka, ng'ombe wakiingia hadi magotini, na akina mama wakiteka upande wa pili. Huko kusini yetu, mto Sabaki hupita ukiwa mwekundu kama ukuta wa udongo. Basi sisi hukumu yetu ni ya macho tu. Maji yakiwa mekundu, tunasema ni machafu. Yakitiwa shabu, tope likashuka chini ya pipa na juu yakang'aa, tunasema haya sasa ni safi, lete kata ninywe. Lakini ni nani aliyesema kwamba macho yanatosha?

Mtu aliyetuonyesha kuwa hayatoshi hakuwa daktari wala profesa. Alikuwa muuza vitambaa. Jina lake ni Antonie van Leeuwenhoek. Jina hilo lisikutoe jasho: sema Levenhuk, utakuwa umekaribia.

Alizaliwa mwezi wa Oktoba mwaka 1632 katika mji wa Delft, nchini Uholanzi. Baba yake alikuwa msusi wa vikapu, akafariki mtoto angali mdogo wa miaka mitano hivi. Mama akaolewa tena, na kijana akapelekwa shule ya mbali, kisha kwa mjomba wake. Alipofika miaka 16 alitumwa Amsterdam kujifunza biashara ya nguo. Chuo kikuu hakukiona. Kilatini, ambayo ndiyo iliyokuwa lugha ya wasomi wa siku zile, hakuijua hata neno. Alijua Kiholanzi chake tu, tena kile cha sokoni.

Mwaka 1654 alirudi Delft, akaoa, akanunua nyumba na kufungua duka. Mwaka 1660 baraza la mji lilimpa kazi ya kutunza ukumbi wake, kazi iliyohusu kufungua na kufunga milango, usafi na kuwasha moto wakati wa baridi. Mshahara ulikuwa wa hakika, na muda wa kujifanyia mambo yake ulikuwepo. Nyumbani hakukuwa na raha nyingi. Alizaa watoto watano na akazika wanne. Akabaki Maria peke yake. Mkewe naye alifariki mwaka 1666. Alioa tena, na huyo wa pili pia akamtangulia. Ni Maria aliyekaa na baba yake hadi mwisho, wala hakuolewa.

Sasa, muuza vitambaa na vijidudu wapi na wapi? Ukienda kununua leso Malindi, utaona mama mwenye kujua akiipapasa, akiinyosha mbele ya mwanga, akitazama kama nyuzi zimesukwa kwa kubana au zimeachana. Wafanyabiashara wa Uholanzi walitumia kipande cha kioo cha kukuza ili wazihesabu nyuzi. Inadhaniwa kuwa hapo ndipo Leeuwenhoek alipoonja utamu wa kuona kisichoonekana. Akaanza kujitengenezea lenzi mwenyewe, nyingine ndogo kama punje. Aliibana lenzi moja katikati ya vibati viwili vya shaba au fedha, akaweka sindano ya kushikia kitu na skrubu za kukisogeza. Chombo chote kilienea kiganjani. Ulikiweka karibu sana na jicho, ukageukia dirishani penye mwanga.

(Hapa niwakumbushe wenzangu wanaochanganya: darubini ni ya kutazama vya mbali, hadubini ni ya kutazama vidogo. Katika mtihani ukiandika kinyume, usimlaumu mtu.)

Mwingereza Robert Hooke, yule wa seli tunayemsoma kwenye Bayolojia, alikuwa ametoa kitabu chake cha michoro ya hadubini mwaka 1665. Lakini hadubini ya Hooke ilikuwa na lenzi zaidi ya moja, na zama zile lenzi zikipangwa pamoja zilileta ukungu na rangi za uongo. Kile kijibati cha muuza vitambaa kiliona vizuri zaidi. Kimojawapo kilichobaki hadi leo hukuza kitu kiasi cha mara 270. Mwaka 1673 daktari mmoja wa Delft, Reinier de Graaf, aliiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, akiwaarifu kuwa mjini kwao kuna mtu mwenye hadubini za ajabu. Tangu hapo Leeuwenhoek akawa anawaandikia barua. Aliandika kwa miaka 50.

Barua inayotuhusu sisi ni ya Septemba 1674. Karibu na Delft, mwendo wa saa mbili hivi, kulikuwa na ziwa lililoitwa Berkelse Mere. Wakati wa baridi maji yake yalikuwa maangavu. Lakini kila kiangazi kilipoingia yaligeuka kuwa meupemeupe, yakawa na mawingu madogo ya kijani yanayoelea. Wenyeji walikuwa na maelezo yao: eti ni umande ulioanguka. Watu waliamini hivyo miaka na miaka, na wala hawakuwa wajinga kuliko sisi. Walitumia macho waliyopewa. Leeuwenhoek alipita huko, akachota maji kidogo katika chupa, na siku ya pili akayatazama.

Jamani, alichokiona! Kulikuwa na nyuzi za kijani zilizojizungusha kama skrubu. Leo tunaziita spirogira. Na katikati ya nyuzi hizo kulikuwa na vinyama vidogo mno, vingine vya mviringo, vingine virefu kidogo, vingine vyeupe mbele na nyuma lakini kijani tumboni. Vilikwenda juu, vikashuka, vikazunguka kwa kasi. Alikadiria kuwa baadhi yao ni vidogo zaidi ya mara elfu kuliko vile vidudu vinavyoishi kwenye ganda la jibini. Wataalamu wa leo hudhani vile vya tumbo la kijani vilikuwa yuglena. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyeandika kuwa amewaona protozoa wanaoishi majini.

Tazama alivyofanya. Watu waliulizana maji yana rangi gani. Yeye aliuliza maji yana wakazi gani.

Hakukomea ziwani. Mwaka 1676 alifanya kazi ambayo mimi naiona kuwa kubwa kuliko ile ya ziwa, ingawa vitabu vyetu huipita haraka. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameona vinyama katika maji ya mvua yaliyokaa siku chache ndani ya pipa. Sasa akataka kujua: vimeshuka na mvua, au vimeingia baadaye? Akakinga mvua katika sahani safi ya kauri, akaiinua juu uani ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Alipoyatazama maji yale mapya, hakuona kitu. Akayaacha. Baada ya siku kadhaa vinyama vilianza kuonekana, na kila siku vikaongezeka. Yaani mvua haikuvileta. Maji yaliyokaa ndiyo yaliyopata wageni. Sisi tunaokinga mvua kwenye matangi na mapipa tuna haki ya kumshukuru kwa jambo hilo.

Akatazama pia maji ya mto, ya kisima cha uani kwake na ya bahari. Kisha akaloweka pilipili manga. Alikuwa na wazo kwamba pilipili huwasha kwa sababu ina vijiba vidogo vinavyochoma ulimi. Pilipili manga ile ilitoka Bara Hindi na visiwa vya mashariki kwa meli za Waholanzi, katika bahari hii hii yetu. Vijiba hakuviona. Lakini mnamo Aprili 1676, katika maji yale yaliyokaa majuma matatu, aliona vinyama vidogo kuliko vyote alivyowahi kuona, na wengi husema hao walikuwa bakteria.

Barua yake ilipofika London watu hawakuamini. Ungekuwa wewe ungeamini? Muuza nguo, hana Kilatini, hana shahada, anadai kuwa tone moja la maji lina maelfu ya wanyama! Leeuwenhoek hakukasirika sana. Mwaka 1677 aliwaita watu wanane wenye heshima zao, wakiwemo wachungaji wa kanisa, wakachungulia, kisha wakaandika ushahidi wao naye akaupeleka. Huko London Hooke alipewa kazi ya kuhakikisha. Mara ya kwanza hakuona kitu. Novemba 15 mwaka huo, baada ya kurekebisha vyombo vyake na kuloweka pilipili yake mwenyewe, aliwaona, na wanachama waliokuwepo wakawaona. Mwaka 1680 yule muuza vitambaa akachaguliwa kuwa mwanachama kamili wa Royal Society. Hakwenda London hata siku moja kukaa kwenye kiti chake.

Umaarufu ulikuja na usumbufu wake. Mwaka 1698 Mfalme Peter wa Urusi alipita Delft kwa mashua, akaomba Leeuwenhoek amletee hadubini. Akaonyeshwa damu ikizunguka katika mkia wa mkunga. Mzee alitazama kila kitu: utando wa meno yake mwenyewe, damu, manii, hata choo chake alipokuwa anaendesha, na humo aliona kidudu ambacho leo huitwa giadia. Msicheke. Kidudu hicho mpaka leo huingia tumboni kwa watu wengi kupitia maji yasiyochemshwa.

Lakini nisimpambe kupita kiasi. Alikuwa na choyo ya elimu. Wageni aliwaonyesha hadubini za kawaida, zile bora alizificha, na namna ya kutengeneza lenzi zake na ya kuangaza vitu hakumfundisha mtu. Mwaka 1715 Leibniz, msomi mkubwa wa Ujerumani, alimshauri awafundishe vijana. Akakataa, aliona kuwa wanafunzi wengi hutafuta fedha na sifa tu, na katika elfu hupati mmoja anayefaa. Sisi tulioko shuleni neno hilo linatuuma. Tena halikuwa neno dogo, kwa sababu alipofariki Agosti 26, 1723, akiwa na umri wa miaka 90, ujuzi wake ulizikwa pamoja naye katika Kanisa la Kale la Delft. Maria alipeleka London sanduku la hadubini 26 za fedha kama baba yake alivyousia, baadaye zikapotea. Zilizobaki kwake ziliuzwa kwa mnada mwaka 1747. Kati ya zaidi ya mia tano alizotengeneza, zinazojulikana leo hazizidi sana kumi. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya hadubini za wengine kumfikia.

Na muda huo wote watu walikuwa wanakunywa. Mwishoni mwa mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Zanzibar na kuua watu kwa maelfu. Daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi huko, James Christie, aliufuatilia mwendo wa ugonjwa ule mji kwa mji, msafara kwa msafara, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1876. Alijua ulikopita. Kidudu chenyewe hakukijua, kwa maana Robert Koch alikithibitisha mnamo 1883 na 1884. Hebu fikiria: miaka 200 hivi tangu mtu aone viumbe wa namna hiyo kwa jicho lake mwenyewe!

Lile swali la wakazi wa maji lilipata jibu kamili huko huko Ulaya, mito ilipoanza kunuka kwa uchafu wa miji na viwanda. Wajerumani wawili, Kolkwitz na Marsson, waliorodhesha mimea mnamo 1908 na wanyama mnamo 1909, kila mmoja na maji anayoyapenda, kuanzia maji yaliyooza kabisa hadi maji safi, daraja nne. Wanyama wengi kwenye orodha yao ni wale wale wadogo wa Leeuwenhoek.

Mambo yenyewe huenda hivi. Choo au taka za mimea zikimwagwa mtoni, bakteria huzila na kuongezeka ajabu, na wakiongezeka huimaliza oksijeni. Hapo hubaki protozoa wanaostahimili hewa kidogo na kupenda bakteria, kama vile kolpidiamu na baadhi ya jamaa za paramesia. Utakuta aina chache tu, lakini kila aina ni umati. Mto ukiendelea kushuka, protozoa wanakula bakteria, hewa inaingia, na sasa aina zinakuwa nyingi, kila moja na wachache wake. Katika mitambo ya kusafishia maji taka, fundi anayeona vortisela wengi, wale wanaofanana na kengele juu ya bua, hujua kuwa kazi inakwenda vizuri. Na kwa kuwa viumbe hawa huzaana upesi, paramesia mmoja akiweza kuwa wawili kwa siku moja au chini yake, maji yakiharibika leo, baada ya siku chache wakazi wamekwisha kubadilika. Kipimo cha kemia kinakueleza maji yalivyo saa ile ulipoyachota. Wakazi wanakueleza yalivyokuwa tangu juzi.

Mtu asije akanielewa vibaya, akaona vortisela kisha akanywa! Protozoa hawa wanasema habari za uozo na hewa. Habari za kidudu cha kipindupindu hawasemi, na maji ya kunywa dawa yake ni kuchemsha au klorini.

Turudi Sabaki. Mto huu hauanzii kwetu. Huanza kama Athi, huko juu karibu na Nairobi, na mto Nairobi unaoingia ndani yake umebeba maji taka ya jiji, yaliyosafishwa na yasiyosafishwa. Hupita Ukambani, hukutana na Tsavo ukaitwa Galana, kisha ukafika kwetu kwa jina la Sabaki, hadi ukaingia baharini kati ya Malindi na Mambrui. Huko Baricho, maji huvutwa kutoka visima vya kwenye mchanga wa bonde lake yakapelekwa Malindi, Kilifi hadi Mombasa. Wekundu tunaousema kila siku ni udongo wa mashamba ya juu, uliochukuliwa na mvua. Ni hasara kwa wakulima wale, na ni tope kwenye ufuo wa Malindi, lakini udongo si choo. Kinyume chake, maji yanayotoka penye uchafu wa Nairobi, yakiachwa yatulie kwenye gilasi, yanaweza kung'aa. Macho hayatakwambia tofauti. Mto mrefu namna hii hujisafisha njiani kwa kazi ya wale wale vijidudu, na ukichukua tone moja Athi River, moja Tsavo na moja Baricho, wakazi wake watakuonyesha kazi hiyo imefika wapi.

Kuna jambo moja la mzee huyu nililoliacha kwa makusudi, maana linatufaa sisi wa mabwawa. Mwaka 1702 alichukua uchafu mkavu wa mfereji wa paa la nyumba, vumbi tupu, lililokaa bila maji. Akalimiminia maji ya mvua yaliyochemshwa na kupoa. Haikuchukua muda, vinyama vikajinyoosha na kuanza kuogelea. Hao wanaitwa rotifera, si protozoa, lakini protozoa wengi nao hujifunga ganda wakati wa ukame wakingoja mvua.

Bwawa letu likikauka hubaki vumbi lenye nyufa. Nimekwisha chota kidogo, nimelifunga katika karatasi ya daftari, na maji ya mvua yaliyochemshwa ninayo kwenye chupa. Mwalimu wa Bayolojia ameniahidi hadubini siku ya Ijumaa baada ya vipindi. Wanachama wa chama chetu wanaotaka kuja kuchungulia, mlango wa maabara utakuwa wazi.